Kabla hujaisifia lulu, chungulia tundu lake

Uzi ulikatika usiku, nikiwa navua mkufu shingoni. Nilisikia tu ta ta ta kwenye sakafu, lulu zinakimbia kila upande, nyingine chini ya kitanda nyingine nyuma ya mlango, na mimi nikashuka chini na tochi ya simu nikaanza kuziokota moja moja. Huo mkufu niliupenda kupita kiasi. Nilipewa zawadi siku nilipohitimu masomo, na kwa miaka kama sita hivi kila siku yangu ya maana ilinikuta nimeuvaa. Sasa katika kuokota nikashika moja nikaona imebanduka. Pale kwenye tundu, pale uzi unapoingilia, ngozi imechanika ikajikunja kama rangi ya ukuta ulioshikwa na unyevu, na ndani kuna kitu cheupe, butu, kina michirizi, hakina mng'ao hata kidogo.

Moyo ulinishuka. Nikajua basi, nimevaa feki miaka yote hii, na aliyenipa naye aliuziwa feki bila kujua, na sitamwambia.

Kumbe haikuwa feki. Niliipeleka kwa mama mmoja fundi wa kutunga mikufu, akaishika, akaweka ile lenzi yake jichoni, akaangalia tundu kwa muda mrefu kuliko alivyoiangalia lulu yenyewe, afu akaniambia, "Mwanangu, hii ni lulu ya kweli kabisa. Ila ilitolewa mapema mno." Nikamwambia asante, lakini sijaelewa. Akanipa lenzi nichungulie mwenyewe. Ni miaka tisa sasa tangu siku hiyo, nilijifunza kutunga, nikaanza kutungia watu wengine, na karibu kila aina ya lulu ninayoijua niliijua kwanza kwa kupitia tunduni. Kwa hiyo nataka kuziongelea hivo hivo, kwa kuingia ndani, sio kwa kupanga ipi ghali ipi rahisi.

Kwanza tuuondoe mchanga. Karibu kila mtu niliyemtungia mkufu ameniambia kwamba lulu ni punje ya mchanga iliyomwingia chaza ikamkera. Naelewa kwa nini hadithi hii inapendwa, ni fupi na inakaa vizuri kichwani, lakini chaza maisha yake yote anachuja maji yenye kila aina ya uchafu na anajua kuutema. Kinachoanzisha lulu mara nyingi ni mdudu aliyetoboa gamba, au jeraha kwenye ule utando laini unaoizunguka nyama ya chaza, utando ambao kazi yake ni kujenga gamba. Seli za huo utando zikisukumwa zikaingia ndani ya nyama, mahali sio pake, haziachi kazi. Zinajikusanya zinakuwa kifuko, na ndani ya kifuko zinaendelea kujenga gamba kama zilivyozoea, ila sasa hamna pa kulitandaza kwa hiyo linajizungusha tu, tabaka juu ya tabaka, mwezi juu ya mwezi. Lulu ni gamba lililojengwa kwa ndani.

Hicho kinachojengwa kinaitwa nakre, na ndo kile kinachometameta ukifunua gamba la chaza ukaliangalia upande wa ndani. Ni vigae vidogo mno vya aragonaiti, ambayo ni aina ya kalisiamu kaboneti, ukoo mmoja na chaki na chokaa, vimepangwa kama matofali na katikati yake kuna protini inayovishikiza. Kila kigae kina unene wa kama nusu ya elfu moja ya milimita, na huo unene unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona. Kwa hiyo mwanga ukiipiga lulu, kiasi kinarudi kutoka tabaka la juu, kiasi kinazama na kurudi kutoka tabaka la pili, la tatu, la mia, na yakikutana wakati wa kutoka mengine yanaongezana nguvu mengine yanafutana, na hapo ndo unaipata ile rangi ya waridi au ya kijani inayoelea juu ya weupe, ile ambayo ukiigeuza lulu kidogo inahama. Hamna mtu aliyeipaka. Na tabaka zikiwa chache, mwanga hauna pa kuzama, unapata kitu kinachong'aa kama kikombe cha kauri na basi.

Sasa turudi tunduni. Ukichukua lulu ya kufugwa ya baharini, yaani ile ambayo mtu ndo aliyeianzisha ndani ya chaza, ukaichungulia kwa lenzi ya kukuza mara 10, utaona nje kuna ganda la nakre, afu kuna mstari mwembamba mweusi mweusi, afu ndani kuna kiini. Kiini ni shanga ya duara iliyochongwa kutoka kwenye gamba la kome wa maji baridi, na kwa miaka mingi magamba yaliyopendwa kuliko yote ni ya kome wa mito ya Marekani kama Mississippi na Tennessee, kwa sababu ni mazito, meupe na yanachongeka vizuri. Mi jambo hili linanigusa kila nikilikumbuka, kwamba lulu ya Japani ukiipasua katikati unakuta kipande cha mto wa Marekani.

Aliyeifanya biashara hii iwe biashara ni Kokichi Mikimoto, ambaye mwaka 1893 alipata lulu nusu duara kwa chaza aliowafuga huko Toba, Japani. Nusu duara, sio duara kamili. Njia ya kupata duara kamili ilitafutwa na watu wengine pia miaka michache iliyofuata, Tatsuhei Mise na Tokichi Nishikawa, na inasemekana mbegu ya wazo hilo ilitoka Australia kwa William Saville-Kent. Siri yenyewe ni ndogo ukiisikia: unapasua nyama ya chaza kidogo, unaweka kiini, na pembeni yake unabandika kipande kidogo cha utando kutoka kwa chaza mwingine. Kipande hicho ndo kitakachogeuka kifuko. Bila hicho kiini kitakaa tu humo ndani kama jiwe, hakitavikwa kitu. Kwa hiyo kila lulu ya kufugwa ya namna hii ina wazazi watatu kwa maana fulani, kome aliyetoa kiini, chaza aliyetoa kipande cha utando, na chaza aliyebeba. Na rangi inafuata sana yule aliyetoa utando kuliko aliyebeba.

Kabla ya hapo kulikuwa na lulu za asili tu, na hizi ndo zinazonitoa machozi. Neno lenyewe lulu tumelipata kwa Waarabu na ni sawa kabisa, maana kwa maelfu ya miaka lulu nzuri kuliko zote zilitoka Ghuba ya Uajemi, maji ya Bahrain na majirani zake. Kisiwa cha Marawah huko Abu Dhabi walichimbua lulu yenye umri wa kama miaka 8,000, walitangaza mwaka 2019. Wapiga mbizi walishuka kwa pumzi moja, kibano puani, jiwe mguuni la kuwazamisha haraka, kikapu shingoni, na juu mashuani kuna mwenzake ameshika kamba anasubiri ivutwe. Msimu wa kiangazi wote ulikuwa hivo, mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, na wengi walikuwa wameshachukua fedha kwa nahodha kabla safari haijaanza, kwa hiyo wanazama kulipa deni, na deni lisipoisha linamsubiri mtoto wa kiume. Chaza mamia wanafunguliwa na hamna kitu. Kuupata mkufu mmoja wa lulu za asili zinazofanana saizi na rangi ilikuwa ni kazi ya miaka, na hiyo ndo sababu ya kile kisa cha mwaka 1917, Cartier, kampuni ya vito, walipopata jengo lao la barabara ya Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa nyuzi mbili wa lulu za asili uliokuwa na thamani ya dola milioni 1, na juu yake dola 100. Jengo! Mkufu huo huo uliuzwa kwenye mnada mwaka 1957 kwa dola 151,000 hivi. Katikati ya hiyo miaka 40 lulu za kufugwa zilikuwa zimejaa dunia nzima, na uchumi wa dunia uliporomoka mwisho wa miaka ya 1920, na mashua za Ghuba zikabaki ufukweni. Mwaka 2012 UNESCO waliweka nyumba na fukwe za wavuna lulu wa Bahrain kwenye urithi wa dunia, na mi nimefurahi kwamba angalau wamekumbukwa.

Lulu ya asili nimewahi kuitunga mara moja tu, mkufu mdogo wa zamani sana. Nilishindwa kupitisha sindano. Matundu yalikuwa membamba mno kiasi kwamba ilibidi nitafute uzi mwembamba kuliko niliouzoea, na baadaye nikaelewa: lulu za asili ziliuzwa kwa uzito, kila chembe ya vumbi inayotoka kwenye keekee ni hela imepotea, kwa hiyo mafundi walitoboa kidogo iwezekanavyo. Na ukichungulia hamna mstari wala kiini, ni mviringo ndani ya mviringo, kama kitunguu, hadi katikati. Ila naomba nisieleweke vibaya, tundu ni dalili, sio hukumu. Kuthibitisha kwamba lulu ni ya asili inatakiwa eksirei ya maabara ya vito. Mtu akikuuzia lulu "ya asili" bila cheti cha maabara, we mshukuru uende zako.

Sasa akoya. Hizi ndo lulu ambazo mtu akifumba macho akawaza lulu anaziona, nyeupe, duara kabisa, milimita 6 hadi 8 na nusu hivi, zimepangwa kama meno ya mtoto. Zinatoka kwa chaza mdogo anayeitwa Pinctada fucata, Japani hasa, na China na Vietnam pia. Maji ya Japani yana baridi, na baridi inamfanya chaza ajenge taratibu, vigae vinakaa vizuri, ndo maana mng'ao wa akoya nzuri ni mkali kiasi cha kuona sura yako na dirisha lililo nyuma yako, na wanapenda kuzivuna majira ya baridi kwa sababu hiyo hiyo. Mkufu wangu ulikuwa wa akoya. Na tatizo la akoya ndo lile alilolisema mama fundi: chaza ni mdogo, kiini ni kikubwa, ganda ni jembamba. Akoya nzuri ina kama nusu milimita ya nakre kuizunguka, na hiyo ni nzuri. Zamani walimwacha chaza majini miaka miwili na zaidi, afu soko likawa na haraka, nyingine hazimalizi hata mwaka, na lulu inayotoka inapendeza dukani lakini ganda lake halifiki robo milimita, jasho na manukato na msuguano wa uzi vinaanza kulila kuanzia tunduni, kwa sababu tunduni ndo mahali pekee ambapo ganda lina ukingo. Ukiikuta akoya nzuri hata hivo usiiache. Na ujue pia kwamba karibu zote zimesafishwa kwa dawa ya kung'arisha na nyingi zimeongezwa uwaridi kidogo, ni jambo la kawaida kwenye biashara, ila muuzaji akikataa kulisema hilo huwa napata wasiwasi na mengine.

Lulu za maji baridi nilizidharau kwa muda mrefu na nilikosea. Zinatoka kwa kome wa mabwawa na maziwa, sahivi karibu zote China, mji wa Zhuji ndo unatajwa kila mahali, na kwa idadi ndo sehemu kubwa kabisa ya lulu zote zinazouzwa duniani. Kabla ya hapo zilisifika za ziwa Biwa, Japani, mpaka uchafuzi wa maji ukaliua lile ziwa kwa upande wa lulu, ila jina liliendelea kuzunguka masokoni likipachikwa kwenye lulu ambazo hazijawahi kuliona. Kinachozitofautisha ni kwamba kome hawekewi kiini cha shanga, anawekewa vipande vya utando tu, na mnyama mmoja anabeba zaidi ya 20 kwa mpigo. Matokeo yake ni nini? Ukichungulia tundu hamna mstari. Ni nakre tupu, kutoka nje hadi ndani. Miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa zimekunjamana kama mchele uliopasuka na watu wakazizoea kama lulu za watoto, lakini wafugaji walibadilisha aina ya kome na wakajifunza, na leo kuna za duara ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzitenga na akoya kwa macho. Mng'ao wake ni laini zaidi, kama taa iliyo nyuma ya pazia, na zina rangi zake za asili, nyeupe, ya pichi, ya zambarau iliyofifia. Mtu akiniambia anataka lulu ya kuvaa kila siku, kazini, kwenye mvua, bila kuiogopea, namwambia chukua ya maji baridi, haina kiini cha kufichuka. Siku hizi kuna na kubwa za maji baridi zinazowekewa kiini, zinajulikana kama lulu za Edison, zinavuka milimita 12 na rangi zake ni kali za kushangaza, hizo ukichungulia mstari utauona tena.

Afu kuna hizi kubwa za bahari ya joto. Lulu za Bahari ya Kusini zinatoka kwa chaza mkubwa kuliko wote wa lulu, Pinctada maxima, gamba lake linaweza kuwa na ukubwa wa sahani ya chakula, na anaishi Australia ya kaskazini, Indonesia, Ufilipino, Myanmar. Shamba la kwanza la Australia lilianzishwa Kuri Bay mwaka 1956. Kuna mwenye mdomo wa fedha na mwenye mdomo wa dhahabu, mdomo yaani ukingo wa ndani wa gamba, huyo wa dhahabu ndo anatoa zile lulu za manjano iliyokolea ambazo Ufilipino wameifanya kito chao cha taifa. Saizi inaanzia kama milimita 9 na inapita 15 bila shida. Nilipochungulia tundu la lulu ya namna hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuangalia, maana nilitafuta mstari karibu na ukingo sikuuona, uko mbali kule ndani, milimita 2 nzima za nakre na zaidi. Chaza mkubwa anajenga haraka na anaachwa miaka miwili hadi mitatu. Mng'ao wake sio wa kioo kama wa akoya, ni wa kina, kama unaangalia ndani ya maziwa. Mimi kama ningeambiwa nichague moja tu ya kufa nayo ningechagua hii, nyeupe yenye ufedha, hata iwe na doa.

Lulu za Tahiti karibu zote hazijatoka Tahiti. Zinafugwa kwenye visiwa vya matumbawe vya Tuamotu na Gambier, ni Polinesia ya Ufaransa bado, ila Tahiti ni kule zinakopitia kwenda kuuzwa. Chaza wake ana mdomo mweusi, Pinctada margaritifera, na zinaitwa lulu nyeusi ingawa nyeusi tii karibu haipo, na ukiiona nyeusi sana, nyeusi ya wino, rangi sawasawa kila upande, chungulia tundu: lulu iliyotiwa rangi mara nyingi rangi imejikusanya pale ukingoni na kwenye vidoa. Ya kweli ni kijivu, kijani ya chupa, zambarau ya biringanya, na ile wanayoisifu zaidi yenye rangi za shingo ya tausi, kijani na waridi kwa pamoja. Wakubwa wa biashara ya vito walikuwa hawazitaki mwanzoni, walidhani zimepakwa, hadi miaka ya 1970 zilipoanza kuwekwa madirishani New York pamoja na almasi. Mkufu wake haufanani lulu moja na nyingine, na nilipoacha kulazimisha zifanane ndo nikaanza kuutunga vizuri.

Keshi. Chaza akikitema kiini lakini kile kipande cha utando kikabaki, kinaendelea kujenga peke yake, na unapata kitu kidogo kisicho na umbo maalum ambacho ni nakre tupu na kinawaka kama moto. Ni ajali ya shambani. Jina ni la Kijapani, mbegu ya mpopi. Baroko ni neno la umbo tu, lolote lisilo duara, na kuna watu wanalipia baroko kubwa kuliko duara. Mabe zimeoteshwa zimegandama kwenye gamba lenyewe, nusu duara, zinakatwa, zinajazwa rezini na kuzibwa mgongo kwa kipande cha gamba, zinafaa hereni na vibanio, pete ningekushauri uogope kidogo kwa sababu ndani ni rezini tu na mkono unagonga vitu.

Na kuna lulu ambazo sio za nakre kabisa, wengine wanakataa hata kuziita lulu. Konokono mkubwa wa Karibiani, konki, anatoa lulu ya waridi yenye michirizi kama ndimi za moto chini ya ngozi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kumfanya aizae kwa kufugwa hadi wanasayansi wa Florida walipotangaza mwaka 2009 kwamba wameweza. Huko Asia ya kusini mashariki kuna konokono melo, lulu yake ni rangi ya chungwa. Mwaka 1934 huko Palawan ilipatikana ya kombe jitu yenye uzito wa kilo 6 na zaidi, nyeupe butu kama ubongo. Hizi zote nimeziona kwenye picha tu kwa hiyo nisiziseme sana.

Nizisemee feki maana ndiko nilikoanzia. Lulu bandia ni kioo au plastiki au shanga ya gamba, imepakwa rangi yenye unga unaometa, na huo unga zamani ulikuwa unatoka kwenye magamba ya samaki, Wafaransa walianza hiyo kazi karne ya 17. Hazina ubaya kama zinauzwa kwa jina lake, zile za Majorca, kisiwa cha Hispania, zimetengenezwa vizuri kweli kweli. Kinachoniudhi ni majina. Wanaandika "lulu ya gamba ya Bahari ya Kusini" na ndani ni shanga iliyopakwa, haijawahi kukaa ndani ya mnyama hata dakika moja, na mtu anasoma Bahari ya Kusini anatoa akiba yake. Na zile A tatu, A nne wanazoandika kama daraja la ubora, hamna chombo cha dunia nzima kinachogawa hizo herufi, kila muuzaji anajipa, kwa hiyo A tatu ya huyu inaweza kuwa ya chini kuliko A moja ya yule. Kizuri chajiuza. We omba uone tundu. Kwenye feki utaona rangi imevimba kama mdomo kuzunguka tundu, au imebanduka vipande vipande na chini yake kioo kinang'aa. Ukiisugua lulu kwa lulu taratibu, za kweli zinakwaruza kidogo kama zina unga, feki zinateleza, na watu wengine wanatumia ukingo wa jino, ni kitu hicho hicho, unagusa ncha za vile vigae.

Mtu akishanunua ananiuliza afanyeje zisiharibike, na jibu linatoka kwenye kemia ile ile ya chaki. Kalisiamu kaboneti na asidi havikai pamoja. Manukato, dawa ya nywele, losheni, jasho, siki, vyote vinaila nakre pole pole. Vaa lulu mwisho kabisa baada ya kujipulizia, zivue kwanza kabla ya kitu chochote, zipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki miaka, zinahitaji hewa. Usizichanganye na dhahabu na mawe kwenye kisanduku kimoja, ni laini, kucha ya mkono inazidiwa kidogo tu nazo. Kwa upande mwingine hazivunjiki hovyo, zile protini kati ya vigae zinakamata. La Peregrina, lulu ya Panama ya karne ya 16 iliyopita kwa wafalme wa Hispania, iliangukia kwa mwigizaji wa sinema Elizabeth Taylor mwaka 1969, akaipoteza hotelini, na kama alivyosimulia mwenyewe aliikuta mdomoni mwa mbwa wake mdogo anaitafuna, haijapata kitu. Iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 11.

Na uzi. Uzi ni wa hariri, na kati ya kila lulu na lulu kuna fundo. Fundo linazuia zisisagane tunduni, na uzi ukikatika inadondoka moja, sio zote. Mkufu wangu haukuwa na fundo hata moja, ndo maana siku ile zilitawanyika chumba kizima. Ukivaa mara kwa mara uzi ubadilishwe kila mwaka au miwili, ukiona umeanza kulegea na nafasi zinaonekana usisubiri.

Ule mkufu niliutunga upya mwenyewe, ulikuwa ndo wa kwanza kuutunga na mama fundi amekaa pembeni ananisahihisha. Lulu saba zilikuwa zimebanduka. Sikuzitupa. Niliziweka nyuma, tatu upande mmoja wa kifungio nne upande wa pili, nikavuta fundo hadi likabana ule ukingo uliochanika, huko shingoni nyuma hapasuguliwi na kitu zaidi ya ukosi. Mbele zimekaa zile ambazo tundu lake lilikuwa safi. Aliyenipa aliniona nao hivi karibuni, akaushika akaupima kwa vidole, akaniuliza mbona kama umerefuka. Nikamwambia ni mafundo, na nikamvulia nimwonyeshe.